Skrubu Ndogo na Swali la Ubora Usioonekana

Skrubu inayoshikilia gari la rimoti la kuchezea, lile la ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, mara nyingi ni M3. M ni alama ya vipimo vya metriki, 3 ni kipenyo cha hesi kwa milimita, na kutoka jino moja la hesi hadi la pili kuna nusu milimita. Ndugu zake ni M2 na M2.5 kwenye sehemu nyembamba, na M4 ambayo nati yake hushika gurudumu. Gari moja hubeba makumi ya skrubu za namna hii: kwenye fremu, kwenye boksi la gia, kwenye shokapu, kwenye kitako cha mota. Zikimwagwa kiganjani, ya bei ya kutupa na ya bei mara tano yake hufanana kama punje za mchele wa gunia moja. Zote nyeusi, zote zina mafuta mafuta, zote zina tundu la pembe sita kichwani. Hakuna jicho linaloweza kusema ipi itakatika Jumapili ijayo.

Hapo ndipo skrubu inapotoka kwenye duka la spea na kuingia kwenye falsafa. Ubora wa kitu kisichouonyesha ubora wake ni nini hasa? Unajulikana kwa njia gani? Na pale usipojulikana, mzigo wa kuujua ni wa anayeuza au wa anayenunua? Maswali haya yana umri mkubwa kuliko skrubu yenyewe. Wanafalsafa wa Ugiriki na Roma waliyajadili, mafakihi wa Kiislamu wakayatolea hukumu, na wachumi wa karne ya 20 wakayarudia kwa lugha yao ya soko.

Wapo watakaocheka kwamba kitu cha kuchezea hakistahili mjadala mzito hivyo. Hesabu ndogo inatosha kuwajibu. Gari la mbio za vumbi la ukubwa wa moja ya nane lina uzito wa kilo 3 na nusu hivi, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa si ajabu kwake. Likiwa katika kasi hiyo hubeba nishati sawa na ya kitu cha uzito huohuo kilichoangushwa kutoka mita 14, yaani ghorofa ya nne hivi. Skrubu ya usukani ikichomoka hapo, anayesimama pembeni ya uwanja haambiwi kwamba kimemgonga kitu cha kuchezea. Na hata gari lingekuwa jepesi kama unyoya, hoja ingebaki palepale. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu ihsani yanataka uzuri wa utendaji katika kila jambo, na mfano uliotolewa katika hadithi mashuhuri ni wa jambo la kawaida kabisa: kunoa kisu kabla ya kuchinja. Udogo wa kitu haukuwahi kuwa udhuru.

Kabla ya kuuliza ubora wa skrubu, ni lazima kujua skrubu inafanya kazi gani, na hapa wengi hukosea. Hudhaniwa kwamba hushika kama msumari, kwa kukaa njiani na kuzuia. Sivyo. Skrubu iliyokazwa vizuri ni springi. Inapozungushwa, shina lake hunyooshwa kwa kiasi kidogo mno, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi kwenye urefu wake wa awali, hubana vipande viwili vikawa kama kimoja. Mbano huo na msuguano unaotokana nao ndio unaobeba kazi. Shina lenyewe halikukusudiwa kukatwa ubavuni. Mtetemo ukiilegeza hata robo ya mzunguko, springi imekufa, vipande vinaanza kucheza, na skrubu inabaki kuwa msumari mbaya. Gari linaruka tuta, linatua, linaruka tena. Kila kutua ni nyundo moja kwenye shina lililokwisha kulegea. Ikikatika, mwenye gari husema chuma kilikuwa kibovu. Mara nyingi chuma hakikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mbano.

Kazi ya skrubu, basi, haionekani hata wakati inapofanyika. Methali ya Waswahili isemayo usione vyaelea, vimeundwa, ilizaliwa kwa watu wa vyombo vya baharini. Mtepe wa pwani ya Lamu ulishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, lakini kamba ina adabu moja ambayo chuma hakina: inapochoka husema. Hufumka, huoza, hubadilika rangi. Skrubu ya chuma kigumu hukaa kimya hadi sekunde inapokatika.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nikomako, alifundisha kwamba uzuri wa kitu hupimwa kwa kazi yake: jicho jema ni linaloona vizuri, farasi mwema ni anayekimbia vizuri, anayembeba mpandaji na kusimama imara mbele ya adui. Kabla yake Plato alikwisha kusema katika *Jamhuri* kwamba mzabibu unaweza kukatwa kwa jambia au kwa kifaa chochote chenye makali, lakini hakuna kinachofanya kazi hiyo vizuri kama kisu kilichoundwa kwa ajili ya kupogolea. Fikra hii ikipelekwa dukani inavunja kosa la kwanza la wanunuzi, nalo ni kudhani kwamba ubora ni ngazi moja ambayo kila kitu hupanda, chini kuna dhaifu na juu kuna imara, na mwenye fedha hununua cha juu.

Namba zenyewe zinaonyesha kosa hilo. Kiwango cha kimataifa ISO 898-1 hupanga skrubu za chuma cha kaboni na cha aloi kwa madaraja kama 8.8, 10.9 na 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu ya kuvuta ambayo kila milimita mraba ya chuma inastahimili kabla ya kukatika, kwa newtoni. Ya pili husema ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma hustahimili kabla ya kunyooka kwa kudumu. M3 ya daraja la 12.9 haitakiwi kukatika kabla ya newtoni 6,140, sawa na kuning'iniza kilo 620, uzito wa fahali mnene, kwenye uzi wa chuma ulio mwembamba kuliko njiti mbili za kiberiti. Skrubu ya ukubwa huohuo ya chuma kisichoshika kutu, ya aina ya kawaida iitwayo A2-70, huahidi takribani kilo 360 tu. Mtu akisimama hapo atasema 12.9 ni bora, na mjadala umekwisha.

Lakini gari linalochezewa ufukweni, mchanga wa chumvi ukiingia kila pembe, litakula skrubu nyeusi ya 12.9 kwa kutu kabla fahali hajaning'inizwa. Hapo A2, pamoja na unyonge wake, ndiyo njema. Na kwenye maji ya bahari ndugu yake A4 ni njema zaidi. Nayo ina tabia yake mbaya: ikikazwa ndani ya nati ya chuma cha aina yake, bila mafuta na kwa haraka, meno hung'ang'aniana na kugandana, isitoke tena ila kwa msumeno. Titani ina takribani asilimia 56 ya uzito wa chuma na nguvu inayokaribia daraja la 10.9, ndiyo maana wakimbizaji wa mashindano huilipia. Kwa gari la kuchezea uani ni mapambo ya bei ghali. Skrubu za alumini za rangi nyekundu na buluu zinapendeza kwenye picha. Kwenye sehemu inayobeba mtikiso hazifai, na muuzaji anayezisifia kwa kazi hiyo anauza rangi.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwa ndugu wa magari haya, ndege za rimoti. Bawa la ndege nyingi za aina hiyo hufungwa kwa bolti za nailoni, plastiki tupu, kwa makusudi kamili: ndege ikipiga bawa chini, bolti zikatike, bawa liachane na mwili, na vyote viwili vipone. Mmiliki mwenye juhudi akiweka bolti za chuma badala yake, ameweka zilizo imara zaidi na ameharibu ndege. Hapo sifa ya bolti ni kukatika kwa wakati wake. Anayelinganisha ubora na uimara hana la kusema mbele ya mfano huu, ila Aristotle analo.

Ubora wa kichwa nao una habari yake. M3 yenye kichwa cha silinda huchukua ufunguo wa Allen wa milimita 2.5, ile yenye kichwa cha mviringo kilicholala, pamoja na ile ya kuzama, huchukua wa milimita 2. Nusu milimita hiyo ndiyo chanzo cha vilio vingi. Tundu la milimita 2 lina kina kifupi na kuta nyembamba. Chuma kikiwa laini, au ufunguo ukiwa umechakaa ncha, pembe sita hugeuka duara kwa kufumba na kufumbua. Funguo za inchi huongeza fitina: wa 5/64 karibu unalingana na milimita 2 na hupita salama, lakini wa 3/32 ni milimita 2.38, na ukitiwa kwenye tundu la 2.5 hucheza, hula pembe, kisha huzunguka bure. Skrubu za nyota za Kijapani, zilizojaa kwenye magari ya Tamiya, nazo zina nyota ya kiwango chao. Nyingi za kiwango hicho hutiwa nukta moja ndogo kichwani kama alama. Bisibisi ya nyota ya kawaida huingia humo kama ya kwao, kisha hupanda juu na kuondoka na makali.

Robert Pirsig, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1974 kitabu *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance*, alikaa sana kwenye jambo hili hili. Skrubu moja ya kifuniko cha pikipiki imekataa kutoka na kichwa chake kimeharibika, kifuniko hakifunguki, pikipiki haitengenezeki. Katika hali hiyo, anasema Pirsig, thamani ya skrubu ile ni sawa na bei ya pikipiki nzima. Kitabu chake chote ni msako wa neno moja, ubora, na hitimisho lake ni kwamba ubora haukai ndani ya kitu peke yake wala ndani ya kichwa cha mtu peke yake, bali pale wawili hao wanapokutana. Mtu anaweza asikubaliane naye katika mengi, lakini aliyewahi kushika ufunguo huku akisikia pembe za tundu zikiliwa anajua alichokuwa anasema. Mkono uliozoea huhisi mapema. Mkono mgeni hupata habari baada ya msiba.

Swali la pili ni la maarifa. Methali nyingine husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe na kanga ni kweli tupu. Kwa skrubu methali hii haina msaada, maana nzuri na mbaya zote zimelala kimya kwenye pakiti, na mara nyingi mbaya ndiyo yenye pakiti ya kuvutia. Mnunuzi atafute ushahidi mwingine, na ushahidi wa kwanza anaoufikiria ni maandishi kichwani. Bolti kubwa ya gari halisi huwa na 8.8 au 10.9 imechorwa juu yake pamoja na alama ya kiwanda. Lakini kiwango cha ISO 898-1 kinalazimisha alama hizo kuanzia kipenyo cha milimita 5 kwenda juu. Chini ya hapo hakuna sharti. M3, skrubu ambayo gari la rimoti limejengwa juu yake, ina ruhusa ya kuja duniani bila jina na bila cheti. Bubu kwa mujibu wa sheria.

Sumaku je? Chuma kisichoshika kutu cha kundi la A2 hakivutwi na sumaku kikiwa laini, lakini kikifinyangwa baridi kuwa skrubu huanza kuvutwa kidogo. Sumaku ni shahidi wa kusitasita. Jicho ni shahidi mbaya zaidi. Tarehe 10 Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya abiria iliyoruka kutoka Birmingham kwenda Málaga kilichomoka angani, na nahodha akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshika miguu hadi ndege ikatua Southampton, na alipona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari hiyo kwa bolti 90. Uchunguzi ulikuta 84 kati yake ni nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja, na sita zilizobaki ni fupi. Fundi alikuwa amechukua bolti ya zamani na kutafuta inayofanana nayo kwa macho. Kalipa ya vernia ingemaliza kazi kwa sekunde tano.

Kalipa yenyewe, hata hivyo, hupima umbo tu. Nguvu ya skrubu hujulikana kwa njia moja ya uhakika: kuivuta mpaka ikatike. Hapa kuna fumbo ambalo David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti aliyeandika miaka ya 1739 na 1748 kuhusu udhaifu wa kukisia yajayo kwa yaliyopita, angelifurahia. Skrubu iliyopimwa imekatika, haifai tena. Skrubu inayofaa haijapimwa. Kila skrubu iliyomo ndani ya gari lolote duniani haijulikani nguvu yake kwa hakika. Kinachojulikana ni nguvu ya dada zake waliokufa. Kiwanda huvunja chache kutoka kila fungu kisha huapa kwa ajili ya zilizobaki. Anayenunua kwa kweli hanunui chuma kilichothibitishwa. Ananunua kiapo.

Kama ni kiapo, elimu ya kupima viapo ipo, na Waswahili wanaifahamu kutoka mahali pengine kabisa. Wanazuoni wa hadithi hawakuishia kutazama maneno yaliyonukuliwa. Walichunguza isnadi, mnyororo wa wapokezi, kila mmoja kwa ukweli wake na kumbukumbu yake na kama kweli alikutana na aliyedai kupokea kwake. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, riwaya hudhoofika hata kama maneno ni mazuri. Skrubu ndogo isiyo na alama inahitaji elimu hiyohiyo: imetoka kiwanda gani, imepitia mkono wa nani, nani alifungua gunia na kuzipanga upya kwenye vipakiti. Marekani ilifikia hapo kwa njia chungu. Bolti za chuma hafifu zilikuwa zimeingia sokoni zikiwa na alama za daraja la juu, na mwaka 1990 Bunge lao likapitisha sheria ya ubora wa vifungio. Mwaka mmoja kabla, tarehe 8 Septemba 1989, ndege iliyotoka Oslo kwenda Hamburg ilianguka baharini karibu na Denmark, watu wote 55 wakafa, na wachunguzi wakakuta vifungio bandia kwenye mkia wake. Neno la mtaani kwa vitu hivi ni feki. Ni jepesi mno kwa uzito wa mambo.

Swali la tatu ni la haki, nalo ndilo lililojadiliwa zaidi. Cicero wa Roma, katika kitabu cha wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia kisa cha mfanyabiashara anayeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zilizojaa nafaka zikija. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kuficha. Muuzaji adhihirishe kile sheria inachotaka na asidanganye. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kila anachojua muuzaji, mnunuzi naye akijue. Cicero alimuunga mkono mwanafunzi. Kisa kikihamishiwa kwenye skrubu, msimamo wa Diogenes unapwaya zaidi, kwa sababu mnunuzi wa nafaka angalau anaiona nafaka.

Immanuel Kant aligusa pembe nyingine mwaka 1785 kwa mfano wa muuza duka asiyempunja mteja mgeni. Tendo ni jema, lakini Kant anauliza: anafanya hivyo kwa kuwa ni wajibu, au kwa kuwa jina zuri huleta wateja? Kwa mnunuzi wa skrubu swali hili si la anasa hata kidogo. Mwenye uaminifu wa faida hubaki mwaminifu pale tu udanganyifu unapoweza kugunduliwa, na udanganyifu wa skrubu hugunduliwa mara chache: ikikatika, lawama huenda kwa tuta, kwa dereva, kwa mtoto wa jirani. George Akerlof, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika kinachofuata hapo. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha kizuri na kibovu hulipa bei ya kati. Wenye vizuri huona bei hiyo ni hasara na kuondoka. Sokoni hubaki vibovu. Hakuna aliyekusudia kuliua soko. Limekufa kwa kukosa wa kuaminika.

Fikihi ya Kiislamu ililishika jambo hili kwa mkono wa vitendo kuliko wanafalsafa. Hadithi iliyopokewa na Muslim inasimulia Mtume akipita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la chakula na kukuta unyevu chini ya kikavu. Mwenye fungu alijitetea kwamba ni mvua, akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona. Kisha likafuata karipio kali juu ya anayeghushi. Kosa halikuwa mvua. Lilikuwa mpangilio wa fungu.

Kwa dhehebu la Shafi, linalofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hukumu zake zimepangwa kwa utulivu katika *Minhaj al-Talibin* ya al-Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Mnunuzi anayekuta aibu ya zamani, iliyopunguza thamani ya kitu, ana khiari ya kukirudisha, iwe muuzaji aliijua au hakuijua. Kujua kwake kunaongeza dhambi, hakuzai wala hakuondoi haki. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa skrubu za daraja la juu zilizopakwa zinki kwa umeme. Wakati wa kupakwa, hidrojeni huweza kuingia ndani ya chuma kigumu, na skrubu iliyokazwa vizuri jioni ikakutwa imekatika yenyewe kesho yake bila kuguswa. Muuzaji hakuiona hidrojeni hiyo, na hakuna darubini ya dukani ingemwonyesha. Aibu ipo, na ni yake hadi arudishe fedha.

Je, kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" kinamwokoa? Al-Nawawi anataja sharti la muuzaji kujivua aibu zote, na kauli iliyo na nguvu zaidi kwake ni kwamba linamvua katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, si katika kitu kingine. Mnyama hula, hulala, huugua kwa siri. Mwenyewe anaweza asijue. Skrubu si mbuzi.

Haki hii ina upande wa pili ambao wanunuzi hupenda kuusahau. Khiari ya kurudisha kwa aibu inataka haraka: aliyeiona leo akaendelea kutumia kitu mwezi mzima ameridhia. Na aliyekiharibu kwa mkono wake hana la kudai. Skrubu iliyolazimishwa kwa ufunguo wa inchi, iliyokazwa kwa drili ya umeme hadi ikalia, au iliyopakwa gundi ya kufungia hesi ndani ya plastiki, si aibu ya muuzaji. Gundi hiyo, iliyovumbuliwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, hukauka ikikosa hewa huku ikigusa chuma. Kwa chuma ndani ya chuma tone moja linatosha, lakini baadhi ya plastiki huzipasua. Chuma kikiingia kwenye plastiki huachwa kikavu na hukazwa hadi kichwa kiguse, basi. Skrubu za zamani za Kimarekani za 4-40 nazo ni mtego: kipenyo chake ni milimita 2.84, huingia kwenye nati ya M3 mzunguko mmoja au miwili kwa upole, kisha hukata hesi. Na kopo la skrubu za kila aina, lililokaa chini ya meza ya kila mpenda magari haya, ni mahali ambapo isnadi hufa. Mwenye kopo ndiye mchanganyaji sasa, na siku atakapouza gari lake, Antipater atamuuliza yeye.

Kununua vizuri, kwa hayo yote, kuna hatua chache zisizo na siri. Mnunuzi ajue kwanza sehemu inabeba mzigo gani na inakaa wapi, kwenye chumvi au kwenye vumbi kavu. Atake daraja na aina ya chuma viandikwe kwenye risiti, kwa kuwa kichwani havitaandikwa. Apime kipenyo, urefu na tundu kwa kalipa, na kila ununuzi mpya achukue mbili tatu azijaribu: ajaribu ufunguo mpya kwenye tundu, kisha akaze moja kwenye kipande cha chuma hadi ishindwe, aone kama imekatika kwenye shina au kichwa kimelika kwanza. Kichwa kikilika wakati ufunguo ni mpya na umeingia hadi chini, pakiti nzima irudi.

Muuzaji huenda akalalamika kwamba iliyorudishwa imevunjwa. Jibu lake limo katika kitabu kilekile cha al-Nawawi, kwenye mlango wa vitu ambavyo aibu yao haijulikani ila kwa kuvunjwa. Mifano anayoitaja ni yai, nazi, na tikiti lenye funza. Aliyevunja kwa kiasi cha kujua tu, na akakuta ubovu, hurudisha kitu na kupewa fedha zake, na kwa kauli iliyo na nguvu zaidi halipi fidia ya kuvunja. Skrubu iliyokatwa kwa kupimwa inaingia humo bila kupunguza hata senti moja.